Pete ya Mama na Upepo wa Kwasa

"Sasa huo upepo wako usipoonekana tena, tuseme umekoma, au umesogea tu pembeni?"

Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chake cha kushonea, pale nyumbani Butiama, kompyuta mapajani, nikijaribu kumweleza kwa mara ya kwanza jambo ambalo chuo kilitaka nilimalizie kuandika kabla hakijanipa shahada ya pili. Nilimwambia swali lake ni zuri, maneno ambayo wasomi huyasema wakikwama, naye akachekea puani na kukanyaga pedali.

Nilichokuwa nimemweleza ni hiki. Mbali sana, katikati ya baadhi ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kuna shimo jeusi linalomeza gesi. Gesi hiyo kabla ya kumezwa huzunguka, husuguana na kupata moto, mpaka inawaka kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Kitu hicho kinachowaka kinaitwa kwasa. Lakini si gesi yote inayomezwa. Nyingine hupulizwa nje kwa kasi ya kutisha, wakati mwingine hata sehemu ya kumi ya mwendo wa mwanga, na ikiwa nyingi inaweza kuifagia galaksi yenyewe ikabaki bila kitu cha kuundia nyota mpya. Upepo huo hatuuoni. Tunachokiona ni mwanga wa kwasa uliopita katikati ya upepo na kutufikia ukiwa umepungua. Ukiutandaza mwanga huo rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, ukauchora kwenye grafu, utakuta mahali mstari unaporomoka na kuwa bonde. Rangi ya hapo imeliwa njiani. Mara nyingi mlaji ni kaboni iliyonyang'anywa baadhi ya elektroni zake. Na kwa kuwa gesi inakuja upande wetu, bonde hukutwa limesogea kuelekea bluu, na kadiri lilivyosogea ndivyo unavyojua kasi ya upepo. Mabonde hayo tunayaita mistari ya ufyonzaji.

"Kwa hiyo wewe husomi taa," Mama alisema. "Unasoma kilichoibwa kwenye taa."

Sijawahi kusikia mhadhiri akilisema vizuri zaidi.

Kwasa yangu ilikuwa moja, na vipimo vyake viwili, vilivyochukuliwa na watu wengine kwa darubini ambayo sijawahi kuiona, kimoja miaka kadhaa baada ya kingine. Kwenye cha kwanza kulikuwa na bonde pana na la kina. Kwenye cha pili hakukuwa na bonde. Kazi yangu ilikuwa kusema kilichotokea katikati. Ndipo Mama alipouliza swali lake, kisha akainua uzi mweupe kwenye mwanga wa dirisha na kuupeleka kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulamba, akaupeleka tena. Ukapita pembeni.

"Nipe nikusaidie," nilisema.

"Tangu lini?"

Mama alikuwa akishona sare za shule. Alianza kabla sijazaliwa, na baba alipofariki ndiyo kazi iliyotubeba. Kola zake zilikaa shingoni bila kupinda, na kuna mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka Suguti kila mwaka mpya na mafungu ya vitambaa vya wanawe, akipita mafundi wote wa Musoma mjini, ili tu ashonewe na yeye. Kwa hiyo nilipoona uzi unapita pembeni mara ya tatu, nilijua ninachokiangalia. Mikono ya Mama ikianza kutetemeka, Mama anabaki na nini? Hakuwa na shamba la kutosha. Hakuwa na ng'ombe tena. Zaidi ya hayo, hakuwa mtu wa kukaa.

Wiki zilizofuata niliona mengine. Halali usingizi. Anasema mdomo una ladha kama amelamba sarafu. Yeye ambaye sikumbuki akinipigia kelele utotoni, alimrushia mteja mkasi, ukamkosa, ukachoma ukuta. Kisha akaketi na kulia kama mtu aliyefiwa, na mteja ndiye aliyembembeleza.

Majirani walikuwa na majibu yote. Ni presha. Ni sukari. Ni umri, ingawa hakuwa amefika hata sitini. Ni jicho la fundi fulani asiyetajwa. Zahanati walimpima malaria na taifodi kama kawaida yao, wakampima sukari na presha, vyote vikawa sawa, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu ambayo hakuwa nayo. Mimi nilipinga kila jibu. Nilimuuliza muuguzi kwa nini anatibu asichokikuta. Niliwauliza majirani fundi huyo mwenye jicho baya ana macho mangapi, maana wagonjwa wake kijijini walikuwa wengi mno. Kubisha kulinijia kirahisi tangu darasa la kwanza. Mjomba alikuwa akiniita Profesa Kwanini, na hakukusudia kunisifu.

Mjomba huyu, mdogo wake Mama, alikuwa mchomaji wa dhahabu. Ng'ambo ya vilima kuna mashimo ya wachimbaji wadogo. Wao husaga mawe, huyaosha, kisha huchanganya unga wake na zebaki, ile metali inayotiririka kama maji. Zebaki huikamata dhahabu. Wakiikamua kwenye kitambaa kinabaki kidonge kigumu cha rangi ya fedha, chenye dhahabu na zebaki zikiwa zimeshikana. Ili uzitenganishe unakiweka kidonge kwenye moto. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wachimbaji walimpa mjomba vidonge vyao kwa sababu waliamini mkono wake haupotezi, naye alivileta kuvichomea jikoni kwetu.

Jiko letu ni kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, bati juu, dirisha dogo kama la duka la soda. Mjomba akiingia, mlango unafungwa na dirisha linazibwa kwa gunia. Mama alikuwa akikaa mle ndani kwenye kigoda, akipika maharage kwenye jiko la pili, maana mtu hawezi kuacha chakula kiungue kwa sababu ya kazi ya mwingine. Hakuna moshi wa maana. Hakuna harufu. Kidonge kinatulia juu ya makaa, rangi ya fedha inafifia, halafu njano inajitokeza pole pole kama jua la mawingu. Nilimwona akifanya hivyo tangu nikiwa sekondari. Ilikuwa kazi safi kuliko kukaanga samaki.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asichomee nje kwenye upepo.

"Sisi tunachomeaga ndani," alisema. "Dhahabu haipendi macho. Ikionwa na wengi inapungua."

"Umewahi kupima, mjomba? Moja ndani, moja nje?"

"Wewe pima mashimo yako ya mbinguni. Mimi niachie ya kwangu."

Mama alicheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba ilikuwa sheria ya wachimbaji wote, na ilikuwa na akili yake: anayechomea uwanjani anawatangazia watu wote wa barabarani ana nini mfukoni. Mikono ya mjomba nayo ilikuwa ikitetemeka. Lakini mjomba alikuwa mnywaji, na mnywaji hakuna anayemuuliza anatetemeka kwa nini.

Kilichofungua macho yetu kilikuwa pete. Mama alivaa pete yake ya ndoa hata baada ya baba kufariki. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, ilikwisha kulika upande mmoja. Mwaka ule ikaanza kupauka. Kwanza madoa, kisha nusu yake, kisha pete nzima ikawa nyeupe kama ya bati. Wenzake wa jumuiya ya kanisani waliiona, na unajua watu wakiona kitu cha marehemu kinaharibika hawakosi la kusema. Mmoja akamwambia kwa kicheko kwamba wanaume wa zamani walikuwa wajanja, anakuvisha shaba iliyopakwa rangi na wewe unazaa watoto. Mama alirudi nyumbani, akaivua, akaiweka kwenye sahani ya chai, akaitazama jioni nzima. Mikono haikuwa imemliza bado, lakini pete ilimliza.

Mjomba alipokuja aliitupia jicho mara moja tu.

"Dada, hii dhahabu. Shemeji hakukudanganya. Imeshika zebaki tu. Lete nikuchomee irudi."

Tuliingia jikoni wote watatu. Akafunga mlango. Akaiweka pete juu ya makaa kwa koleo, akaipulizia, na baada ya muda weupe ukaondoka kama jasho na pete ikarudi kuwa njano ileile ya siku ya harusi. Mama alishika shavu. Mjomba aliifuta kwenye suruali akampa, akijivuna kidogo, na haki yake alikuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimeshinda miezi nikitazama mwanga uliopitia kitu nisichokiona, na kujiuliza kitu hicho kimetoka wapi.

"Mjomba," nilisema, "Mama ameshawahi kushika zebaki yako?"

"Hata siku moja. Chupa simwachii mtu. Inakaa na mimi."

"Sasa ilifikaje kwenye pete?"

Alitazama makaa. Halafu nikamwona akitazama juu, kwenye bati, halafu kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa wazi, halafu kwenye mikono ya dada yake. Mama alikuwa akijaribu kuirudisha pete kidoleni, na pete ilikuwa ikimkwepa.

"Hebu rudia hilo swali," Mama alisema.

Sikurudia. Alikuwa amesikia.

Wiki ileile nilimpeleka Bunda kwa mama mdogo, dada yake mdogo aliyeolewa njia ya kwenda Guta. Tulisafiri na cherehani yake kwenye bajaji, mimi nimeikumbatia ili isianguke. Mvua za masika zilikuwa hazijaanza. Alikaa kule masika yote, akasaidia kupalilia, akalala kwenye chumba chenye madirisha mawili, na mpaka mahindi yanavunwa alikuwa mtu mwingine. Usingizi ulirudi. Ile ladha ya sarafu ikaondoka. Siku moja alinipigia simu kunisimulia kitu kimoja tu, kwamba ametunga uzi kwenye sindano mara ya pili ya kujaribu. Siyo ya kwanza, alisema, usije ukaenda kusema ya kwanza.

Hata kabla ya mavuno mjomba alikuwa akisema ni kupumzika. Nani asingepona, amelishwa na mdogo wake miezi yote hiyo? Alisema kwa upole, lakini alisema kila mahali, kwa sababu wachimbaji walikuwa wameanza kumuuliza, na jiko letu lilikuwa limefungwa kwa kufuli niliyoinunua mimi. Alichomea kwa mtu mwingine, hakupenda. Ndipo nikasema tupime. Kama nimekosea, nitafungua kufuli mwenyewe.

Kupima hakukuwa rahisi. Hospitalini Musoma daktari mmoja kijana alisema hajawahi kuombwa kipimo cha zebaki. Inabidi mkojo upelekwe maabara iliyo mbali, kwenye chupa ya aina yake, na chupa hizo hazikuwepo. Tukaenda, tukarudi. Tukaambiwa zimekuja, tukakuta zimeisha. Nilianza kumpeleka Mama pale kabla mahindi hayajabeba, na alipokuja kupewa chupa, mahindi yalikuwa ghalani.

Majibu yalipokuja daktari alitusomea kwa sauti. Zebaki ilikuwepo kidogo sana, kama ya mtu yeyote. Chini kabisa ya kiwango cha hatari.

Nilimuuliza mashine inapimaje. Nadhani alifurahi kuulizwa, kwa sababu alichora nyuma ya bahasha. Wanaibadilisha zebaki iliyo kwenye mkojo kuwa mvuke, wanaupitisha kwenye mrija, na kuupiga kwa taa. Kila atomu ya zebaki inafyonza rangi yake moja ya mwanga usioonekana kwa macho. Wanaangalia taa imepungua kiasi gani upande wa pili.

Nilicheka ofisini kwa watu.

"Huyu anacheka nini?" Mama alimuuliza daktari.

Nilikuwa nimetoka Butiama kwenda Musoma kukuta kazi yangu ndani ya mrija wenye urefu wa kiganja. Nilimuuliza daktari maswali mengi kuhusu taa, mrija, na nani aliisahihisha mashine na kwa kitu gani. Mashine ilikuwa nzima. Hata leo sina sababu ya kuishuku.

Mjomba alikuwa anatusubiri nje. Alitupeleka kula sato karibu na ziwa, na aliagiza kama mtu aliyeachiwa huru mahakamani. Siku hiyo ziwa lilikuwa kijani kibichi, zito, na upepo haukuwepo kabisa. Nilisema kwamba kipimo kimesema zebaki haipo leo. Hakijasema haikuwepo.

"Profesa," mjomba alisema, "wewe hata ukipewa habari njema unadai risiti."

"Nauliza tu. Ingekuwepo wakati ule, ingeonekana sasa hivi?"

"Umemuuliza daktari?"

"Nimemuuliza. Anasema ndicho kipimo walichonacho."

"Basi."

Nilimgeukia Mama nikitegemea anisaidie. Alikuwa anatoa miiba kwenye samaki wangu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, na vidole vyake vilikuwa vimetulia kweli. Aliuondoa mwiba wa mwisho akauweka ukingoni mwa sahani.

"Mwanangu, mimi nimechoka kuwa mgeni kwenye nyumba ya mtu," alisema. "Mashine imesema mimi ni mzima. Wewe ulitaka mashine. Nataka kwenda kwangu."

Nilisema angalau mjomba achomee nje. Mjomba akaapa atafungua dirisha. Mama akasema dirisha linatosha, na ya dunia tuyaache sasa, samaki anapoa.

Tulirudi Butiama na cherehani kwenye bajaji. Nilifungua kufuli mwenyewe, kama nilivyoahidi. Jiko lilikuwa na vumbi na utando wa buibui, na Mama alilifagia akiimba. Jumamosi mjomba akaja na vidonge. Dirisha lilifunguliwa. Baadaye watoto wa jirani wakaja kuchungulia, na dhahabu haipendi macho, kwa hiyo gunia likarudishwa, kwa siku hiyo tu. Nilikuwa uani nikianua nguo. Nilisikia komeo likisukumwa, kisha sauti ya Mama mle ndani ikimuuliza mdogo wake kama ameshakula.

Mwezi uliofuata nilirudi chuoni kutetea tasnifu. Mmoja wa watahini aliweka vidole kwenye grafu zangu mbili, ile yenye bonde na ile isiyo na bonde, akaniuliza kama upepo wa kwasa hii umekoma. Nilisema yapo mawili ninayoweza kuyaonyesha kwa hesabu. Huenda mwanga wa kwasa uliongezeka ukainyang'anya kaboni elektroni zaidi, ikabaki pale pale ila haiwezi tena kufyonza rangi ile. Au wingu zito lilikuwa linakatiza mbele ya taa, na sasa limepita. Kwa vyovyote gesi bado inaweza kuwa inatoka, nyingi kama mwanzo.

"Swali langu ni ndiyo au hapana," alisema.

"Sijui. Ninachojua ni kwamba haionekani kwenye mstari kati yetu na taa."

Walinipitisha, na marekebisho madogo.

Mama alinipigia kunipongeza. Nilisikia mtu mwingine akisema hewani, haya ongea, imeshaita, nikamuuliza nani yuko naye. Akasema ni msichana aliyemchukua wa kutoboa matundu na kushona vifungo, na kubonyeza simu siku hizi anabonyezewa na huyo, vitufe vimekuwa vidogo. Nikamuuliza kama analala. Akasema usiku una kelele. Nikamuuliza kelele gani, akakasirika, akakata. Au msichana ndiye aliyekata.

Miaka ilipita kabla sijakutana na jambo ambalo siku ile Musoma hakuna aliyeniambia, nami sikujua niliulize kwa nani. Zebaki mtu anayoivuta kama mvuke hutoka kwenye mkojo pole pole, karibu nusu yake kila baada ya miezi miwili hivi. Mkojo unasimulia miezi ya karibuni tu. Aliyekaa mbali na moto tangu kabla ya masika mpaka mahindi yamevunwa anaweza kupimwa akakutwa safi, na kipimo kikawa sahihi kabisa, ilhali ile iliyokwisha kuingia kwenye ubongo haipiti huko, na mashine ile haina namna ya kuiona.